Mlango wa Chumba cha Joka

Mtaa mzima ulimwita Lehemu. Jina lake la kweli lilibaki kwenye vyeti. Kwa miaka thelathini alikuwa akitengeneza redio na televisheni katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi wake, na hakuna aliyepata kumwona akifungua kifaa kabla ya kutandaza kitambaa cheupe na kuandaa kisahani cha skrubu. Jumamosi hiyo kitambaa kilitandazwa kama kawaida.

Juu ya kitambaa ililala kaseti ya gemu, ya plastiki ya kijivu, iliyokuwa ya kaka yake mkubwa. Ukiiwasha leo, vijana watakucheka: rangi chache, muziki wa kulialia, na mtu mwenye upanga asiyezidi ukubwa wa punje ya hindi. Lakini katika mwaka wake ilikuwa ajabu. Gemu walizozizoea hazikuwa na kumbukumbu. Ukizima, safari yako imekwisha. Hii ilibeba tumboni betri bapa, mfano wa kifungo cha koti, iliyolisha kumbukumbu hata mashine ikiwa imezimwa. Uliandika jina lako, ukaenda kulala, na kesho ukajikuta palepale uliposimama. Kaka mkubwa alipoitambua siri hiyo alishinda mchana kutwa akiwasha na kuzima, akicheka peke yake.

Kisha akaugua. Asubuhi ya kupelekwa hospitali aliuhifadhi mchezo wake mbele ya mlango wa chumba cha mwisho, chumba cha joka, akawaonya wadogo zake wawili: "Asiingie mtu humo mpaka nirudi."

Hakurudi. Na kwa miaka thelathini na mmoja hakuingia mtu. Mara moja kila mwaka Lehemu aliwasha mashine, akamtazama yule mtu mdogo amesimama mlangoni, akazima.

Mwezi uliopita alikuta, kati ya mistari mitatu ya majina yao, wa dada yake umefutika. Hakumwambia mtu. Wiki iliyopita ukafutika na wa kwake. Ulibaki mmoja tu, wa katikati, wa kaka mkubwa. Alipoipima betri, sindano ya mita ilisimama juu kidogo ya volti mbili. Chini ya hapo kumbukumbu hukata tamaa.

Ndipo alipomwita dada yake, mkunga mstaafu, aliyemfuata kwa kuzaliwa.

"Yaani umenitoa kwangu nije kuangalia betri ikibadilishwa?" aliuliza mkunga, akivuta kiti. "Kaka, wewe hata kuoa hukutuita mapema hivi."

"Nakuita kwa sababu ikiharibika sitaki kukuhadithia."

Mkunga aliacha kucheka. "Itaharibika?"

"Nikiitoa betri kavukavu, kila kitu kinafutika. Inabidi kaseti ikae wazi kwenye mashine, mashine iwe imewashwa, umeme wake uishikilie kumbukumbu wakati nachomoa ya zamani na kuchomelea mpya."

"Kama mama anayejifungua huku anatembea."

"Na umeme usicheze."

Hapo ndipo palipokuwa na tishio. Ng'ambo ya barabara alikuwapo mchomelea mageti, na kila alipogusa chuma taa za mtaa mzima zilififia. Lehemu alikuwa amemwomba asimame hadi saa kumi. "Kwa ajili yako, Lehemu, nitakunywa chai taratibu," alijibu yule bwana. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Jambo moja Lehemu hakulifanya. Pini za shaba za kaseti zilikuwa na ukungu wa kijani, na alijua chanzo chake. Zamani picha ilipogoma, kaka mkubwa aliichomoa kaseti, akaipuliza, akairudisha. Pumzi ina unyevu, na unyevu huila shaba. Fundi yeyote angezisugua kwa spiriti. Lehemu alilowesha pamba mara mbili, na mara mbili akaiweka chini. Ilikuwa pumzi ya kaka yake.

Akawasha. Mtu mdogo alitokea kwenye televisheni ya chogo, amesimama mlangoni.

"Amekonda," alinong'ona mkunga.

"Alikuwa hivyohivyo."

Pasi ya lehemu ilitoa moshi mwembamba. Betri ya zamani ilibanduka, picha ikabaki. Mpya ikakaa, tone la kwanza likaganda, kisha la pili. Lehemu alipima: volti tatu na zaidi. Mkunga alishusha pumzi kama aliyesikia kichanga kikilia.

"Hongera, baba mtoto."

Alizima, akafunga kasha kwa skrubu zake, akairudisha kaseti mahali pake na kuwasha ili aone jina.

Kioo kilikuwa kijivu kitupu. Pini zilikuwa zimegoma.

Katika nyumba ile swichi ya mashine ilikuwa nzito tangu mwanzo, na kaka mkubwa aliwafundisha wasihangaike nayo: chomoa, puliza, chomeka. Kuchomoa kaseti umeme ukiwaka huweza kuifuta kumbukumbu, na hata siku moja fundi Lehemu hakupata kuchomoa kitu cha mteja kikiwa na umeme. Lakini mkono uliokwenda haukuwa wa fundi. Ulichomoa, kaseti ikafika mdomoni, akapuliza. Na taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka muda wote.

Aliiona akiwa bado ameshikilia kaseti mdomoni.

"Kaka," mkunga aliita taratibu.

Alichomeka. Picha ilikuja safi, pamoja na muziki wake. Mistari mitatu ya majina, yote mitupu, na juu ya mstari wa kwanza kialama kilipepesa kikisubiri herufi.

"Liandike tena," alisema mkunga. "Wewe unalijua jina lake."

"Nikiliandika, ataanzia mwanzo. Atakuwa hajawahi kuufikia ule mlango."

Ng'ambo ya barabara saa kumi ilitimia. Cheche ya kwanza ilipasuka, na kioo kikafifia, kikarudi, kikafifia. Lehemu aliunyoosha mkono kuelekea swichi, akaibonyeza pamoja na uzito wake wote, polepole, kama inavyotakiwa.