Shati la mgambo mpakani Kabanga

Jamani, leo mama mkwe ameniona kifua wazi!

Nilikuwa navuka Kabanga kwenda Burundi kumsalimia. Nikavaa shati langu la mgambo, ili wakwe waone nami nimo kwenye vita hii ya Kagera.

Askari wa upande wa pili akanikamata.

"Wewe mwanajeshi! Umekuja kupeleleza?"

"Hapana, afande, mimi mkulima tu wa kijiji cha Mbuba, hapo ng'ambo."

"Basi vua!"

Nikavua, mbele ya watu wote. Nageuka, namwona mama mkwe, amekuja kunipokea.

Akatazama pembeni, akanirushia kitenge chake.

"Mwacheni, ni mkwe wangu."

Wakaniachia, shati wakabaki nalo. Nimetembea hadi kwake nimejitanda kitenge, hata shikamoo imenishinda.

Ndugu zangu, mkivuka mpaka, sare ibaki nyumbani.

Sasa kesho asubuhi namwamkiaje?