Posa ya Fundi Makochi

Fundi makochi alikuwa amekaa mtaani miaka kumi na mmoja, na bado walimwita Mgeni. Alipotaka kumposa binti mshona mapazia wa duka la pili kutoka kwake, baba wa binti, kinyozi mstaafu, alisema: "Aje na mtu wake. Simpi mwanangu mtu asiye na kwao."

Kwao kulikuwa siku nne za barabara, na mama yake alikuwa na magoti mabovu. Basi Mgeni akamwomba rafiki yake, dalali wa nyumba, awe mjomba kwa saa moja.

Dalali alikuwa hodari, ila wa kuuza nyumba. Na nyumba huchelewa kuuzika kwa sababu ya warithi. Ukisema wenyewe wote wamekwisha kufa, mnunuzi anatoa mkono wa kukubali.

"Na wazazi wake?" kinyozi akauliza, wakiwa sebuleni.

"Hapo lala usingizi, mzee wangu. Baba hayupo, mama hayupo, ndugu hakuna. Binti yako hana wifi wala mama mkwe wa kumsumbua. Safi kabisa!"

"Makubwa!" akacheka mama wa binti. "Huyu kaokotwa?"

Mgeni angeweza kusahihisha. Akapima: akimkana mjomba, posa imevunjika, akinyamaza, atamweleza binti baadaye. Akanyamaza.

Binti alikuwa mlangoni na sinia la chai.

"Hana mama? Ijumaa niliongea na nani kwenye simu? Nani aliniita mwanangu? Wewe, sema!"

"Nita... nitaeleza."

"Kuna marekebisho kidogo, mzee," dalali akajaribu.

"Funga mdomo. Wewe uongo ndiyo kazi yako." Kinyozi akamgeukia Mgeni. "Lakini wewe, kijana, mama yako amezikwa mbele yako akiwa hai, na hukutikisika. Mwanangu utamtetea lini?"

Binti aliweka sinia mezani. "Mimi nilikutaka na watu wako," akasema, akaingia ndani.

Mama yake Mgeni aliposimuliwa hakukemea. Aliomba namba ya mama wa binti, akapiga mwenyewe kuomba radhi. Mama hao wawili wakazungumza, wakapendana, wakawa wanajuliana hali kila mwezi. Posa haikufufuka.

Hivyo mwaka uliofuata, ilikuwa simu ya mama yake, kutoka siku nne za barabara, iliyompa Mgeni habari ya duka la pili: binti anaolewa Jumamosi.