Ushuhuda wa Macho ya Mama

Mstari wa siku hufika kwenye simu yangu kabla sijapiga mswaki. Hutumwa na mama mchungaji kwenye kundi la kanisa, umepambwa kwa waridi na jua linalochomoza nyuma ya milima ambayo haipo kokote Changamwe, na chini yake amina huanza kumiminika. Nami huandika yangu. Zamani niliiandika kwa moyo wote. Siku hizi naiandika ili nisije nikatembelewa na kamati ya maombi kuulizwa nina nini.

Nikishaandika, huketi kitandani kwa mama nikamsomea. Mama hakusoma. Alizaliwa na kukulia kwenye minazi na mihogo upande wa Kaloleni, nyumbani kwa baba aliyekuwa mwinjilisti, na kutoka kwa baba huyo alirithi desturi ambayo sijaiona kwa watu wengine. Neno likishasomwa asubuhi, kila mmoja husema kitu kimoja alichokiona tangu jana ambacho ndani yake ameutambua utukufu wa Mungu. Sharti ni kiwe kimeonekana kwa macho. Si ulichowaza, si ulichosimuliwa. Babu alikuwa mkali kwenye jambo hilo, maana alisema watu wakiruhusiwa kusema wasichokiona, hata mvivu atakuwa nabii.

Basi mama alipohamia kwangu baada ya baba kufariki, alikuja na mkeka wake, mbuzi wake wa kukunia nazi, na sharti lake. Nafanya kazi ya kupakia chai kwenye ghala, na asubuhi huwa na haraka, lakini sikuweza kutoka kabla hajauliza, "Leo utukufu uko wapi?" Nilimjibu upesi upesi: mtoto wa jirani ameanza kutembea, mpapai wa uani umetoa maua. Yeye alikuwa na chake alichokipenda kuliko vyote. Roshani yetu inatazamana na matangi ya mafuta, na jua la asubuhi likiyapiga ubavuni huwa meupe mpaka unafumba macho. Mama aliyaona matangi yale karibu kila siku na hakuyachoka. Nilimtania kwamba hayo ni mafuta ya wenyewe, tena yananuka. Alinijibu kwamba mafuta ni ya wenyewe lakini jua si lao.

Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari alitueleza vizuri, kwa upole, na mama akaelewa kuliko mimi. Kilichokwisha kuharibika hakirudi, alisema daktari, ila dawa ya matone, asubuhi na jioni, italinda kilichobaki. Tukiwa njiani kurudi mama aliniambia kwamba dawa ile ni kama ua la shamba. Ua haliinui muhogo ulioliwa, linazuia mbuzi wasiingie tena. Akawa anajitilia mwenyewe, kichwa nyuma, mdomo wazi, na chupa akaiweka kando ya mtungi wa maji mahali penye baridi. Pembeni hakuona, lakini kilicho mbele yake alikiona, na hicho ndicho tulichokuwa tunakilinda.

Kisha likaja juma la maombi. Kanisa letu ni la mabati, nyuma ya gereji ya malori, na mchungaji wetu ni mtu wa bara, mchangamfu, mwenye sauti kubwa. Alimpenda mama, nakiri hilo, ingawa alikuwa akimkemea kwa kusema inshallah, kana kwamba Mungu asingemwelewa. Siku ya mwisho aliwaita mbele wenye shida ya macho. Mama akaenda. Akawekewa mikono, watu wakapaza sauti, kisha mchungaji akanyanyua vidole mbele ya uso wake akamuuliza ni vingapi. Mama akasema. Ilikuwa sawa. Kanisa likalipuka.

Bila shaka ilikuwa sawa. Vidole vilikuwa mbele yake, naye kilicho mbele alikuwa akikiona miaka yote. Nilikuwa karibu na nilimsikia akiendelea, "Hata jana nilikuwa naviona," lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshaondoka mdomoni pake na kinanda kimeshaanza. Kijana wa mitambo alirekodi yote, isipokuwa sentensi hiyo. Jioni ile video ilikuwa kwenye kundi, na maneno yenye moto juu yake: kipofu anaona. Mama hakuwa kipofu bado. Hilo hakuna aliyelijali.

Kanisani kwetu kuna mafundisho kuhusu ushuhuda, na mtu wa nje hawezi kuelewa uzito wake. Mtu akishashuhudia mbele ya watu amefunga mlango nyuma yake. Kusema tena naumwa ni kukiri udhaifu, na kukiri udhaifu ni kumrudishia shetani funguo. Kutumia dawa baada ya kushuhudia ni kumwambia Mungu kwamba kazi yake ameifanya nusu. Hakuna aliyemwambia mama hivyo ana kwa ana. Hawakuhitaji. Mama mchungaji alilifundisha somo hilo Jumapili iliyofuata, na mama alikuwa ameketi safu ya mbele, mahali pa heshima, shuhuda anayetembea.

Asubuhi nilikuwa nikiondoka bila kumwona akijitilia. Nikimuuliza kama ametia dawa, hujibu kwamba Mungu ni mwema. Mtu ukiishi na watu waliookoka husikia jibu hilo kwa kila swali, hata la chumvi.

Nilichokuja kukisikia ni desturi yake mwenyewe ikivunjika. Siku moja nilimsomea, akaniuliza, nikasema changu, nikamngoja aseme matangi. Akasema ameona utukufu katika harufu ya maandazi ya jirani. Nikacheka, nikamwambia babu angemfukuza mkekani. Siku nyingine ilikuwa mvua juu ya mabati. Nyingine ilikuwa sauti ya mwadhini wa kule mtaa wa chini, kwamba leo ameimba vizuri zaidi. Harufu, sauti, ubaridi wa sakafu. Hakuna hata kimoja cha macho. Nikamwambia, "Mama, niambie kitu ulichokiona."

Akaniita kwa jina langu la utotoni, nami nikaitika abee, akasema, "Matangi yamezimika, mwanangu."

Chupa niliikuta kando ya mtungi, imejaa, na tarehe yake imepita.

Hospitalini daktari alimwangalia kwa muda mrefu. Hakutukemea, na ningependa angetukemea. Jicho moja limekwisha. La pili linatambua mwanga, basi, kama dirisha liko wazi au limefungwa. Alisema matone yaendelee kwa ajili ya mwanga huo na ili jicho lisiume. Mama aliuliza swali moja tu: kama angeendelea kutia, angekuwa anaona? Daktari alinitazama mimi. Kisha akamjibu kwamba angekuwa anaona.

Nilikwenda kwa mchungaji siku ile ile nikiwa na nguo za kazini. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, akaniambia kwamba uponyaji ulikuwa kamili, ila inawezekana imani imevuja nyumbani. Kuna nyumba, alisema, ambazo mtu mmoja anajenga na mwingine anabomoa. Nyumbani kwetu tuko wawili tu, kwa hiyo hakulazimika kutaja mtu. Nikamwomba basi waiondoe ile video. Akasema inawabariki wengi, hata walio ng'ambo, na si vizuri kuuficha utukufu wa Mungu. Nilitoka pale nikiwa nimewachukia watu wote wanaolitamka neno utukufu. Chuki ile haijaisha, na siiombei iishe.

Nilimwambia mama kwamba hatuendi tena. Akakataa. Alitaka aende Jumapili ya shukrani, na alitaka nimvalishe leso yake mpya ya kujifunga juu ya gauni. Nikadhani amewasamehe, jambo ambalo lingeniudhi zaidi. Ulipofika wakati wa ushuhuda aliinua mkono. Wakafurahi, wakamletea kipaza sauti kwa shangwe. Akasimama akiwa amenishika bega.

"Shikamooni," akasema, yeye mzee kuliko wote mle ndani. "Mimi nilisimama hapa mkasema naona. Sioni. Niliacha dawa. Mwenye dawa asiache."

Kinanda kilianza kabla hajamaliza neno la mwisho. Kiongozi wa sifa akakichukua kipaza sauti taratibu, kwa tabasamu, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, na kanisa lote likasimama kuimba. Mama alibaki amesimama nao kwa sababu hakujua kama ameshamaliza au bado.

Nje, jua la saa sita, watu walitupita wakisalimia mbali mbali. Mama alinivuta mkono akaniuliza nyuso zilikuwaje aliposema. Nikamwambia kinanda kilipigwa.

"Kinanda nimekisikia," akasema. "Mimi nakuuliza nyuso."

Nikamweleza ukweli. Wengi walitazama chini, na mchungaji alitazama saa. Mama mmoja wa safu ya nyuma, yule aliyepona sukari kwa maombi mwezi mmoja na ushei uliopita na kushuhudia huku akiruka, alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Mama yangu akaniomba nimpeleke kwake. Tukamtafuta nje, lakini alikuwa ameshaondoka, na nilipompigia simu jioni aliniambia kwa sauti ya juu, kama mtu anayetaka asikike na walio chumbani, kwamba yeye ni mzima kwa jina la Yesu. Kisha akakata.

Video ile ipo mpaka leo. Hutumwa kila juma la maombi likikaribia, na mama yangu humo ndani bado anaviona vile vidole. Nimeacha kuomba iondolewe. Sijaacha kundi, maana mama anataka mstari wake, na mimi ndiye msomaji. Anataka na desturi yake pia, ila sharti analo moja jipya. Kwa kuwa macho ya nyumba sasa ni yangu, mimi ndiye wa kusema kwa wote wawili.

Hili ndilo linalonichosha kuliko kumwosha na kumwongoza chooni. Mimi siutafuti utukufu wowote. Nina hasira, nachelewa kazini, na moyo wangu kwa mambo ya Mungu umekauka. Ingekuwa rahisi kumwambia tu kila siku kwamba matangi yamewaka. Asingejua. Lakini huyu ni mtu aliyekwisha kuambiwa uongo mtakatifu mara moja, na uliyachukua macho yake. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kumsomea natoka roshani, nimenuna, natazama. Siku nyingine yanawaka kweli, nami nikirudi namwambia yanawaka, naye anatabasamu akielekea dirishani.

Juma lililopita nilitoka nikakuta wingu, moshi wa malori, na foleni ya matrela mpaka kwenye mzunguko. Matangi yalikuwa ya kijivu, machafu. Nilisimama muda mrefu. Nikarudi ndani nikamsomea mstari, akaniuliza, "Leo utukufu uko wapi?"

"Leo sijauona, mama."

Nilidhani atahuzunika. Alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyepokea chenji yake sawasawa.

"Haya," akasema. "Basi tusiseme tumeuona."

Kisha akalaza kichwa nyuma na kufungua mdomo, nami nikachukua chupa nikamtilia matone.