Shanga Elfu Kumi, na Saba

Mwenye nyumba niliyopanga kwake hutengeneza mapazia ya shanga, naye ana desturi moja: hapokei kazi kabla ya kuhesabu. Hupima shanga mia mia kwa kikombe, kisha hugawa, ili nyuzi zote zishuke sawa mlangoni.

Safari hii mdomo ulimponza. Kinyozi wa jirani alileta mfuko wa shanga za mbao, zilizochongwa na marehemu mama yake. Nyuzi za pazia zilikuwa zimeoza. Alitaka nyuzi mpya zilingane, shanga isibaki wala isiongezwe ya kigeni.

"Niachie," fundi alijibu papo hapo. "Hesabu gani itanishinda?"

Vikombe vikatoka mia moja, na shanga saba juu: elfu kumi, na saba. Akarudia: zile zile. Akagawa kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja. Kila mara kitu kikabaki. Alipofika mia akaweka kalamu chini.

"Endelea, mama watoto," alisema mumewe, dereva wa lori. "Bado mia na moja."

"Ya nini? Vigawanyo huenda viwili viwili. Kimoja kikizidi mia, kingine kiko chini ya mia, na huko nimeshapita."

Shuleni namba kama hii tuliiita namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

"Basi tupa moja. Nani atajua?"

"Nikitupa moja, napata nyuzi mbili za shanga elfu tano na tatu. Hilo pazia, au kamba ya kuvutia lori lako?"

Alicheka peke yake mume. Mke alikuwa ameshapiga magoti, akipapasa chini ya kabati. Vipi kama namba haikuwa tasa ilipoingia humu? Vipi kama shanga ya marehemu imepotelea kwake? Alifagia, akachungua takataka, akakung'uta viatu vyangu.

Kinyozi alikuja na ubao wa juu wa lile pazia. Fundi akahesabu matundu ya nyuzi: sabini na mbili. Shanga mia na thelathini na tisa kila uzi, na uzi wa mwisho umepungukiwa moja.

"Kaka, nisamehe. Moja haipo. Sijui kama ni mimi."

Kinyozi akashika tumbo.

"Uzi wa pembeni, upande wa bawaba?"

"Sijui ulikuwa upi."

"Ulikuwa huo. Nilimeza shanga nikiwa mtoto wa kutambaa. Mama alisubiri itoke, wee! Alikata tamaa."

"Kwa hiyo imo humo?" mume aliuliza.

"Uache mfupi vilevile, dada. Pembeni."

Fundi akashusha pumzi, akakata uzi wa kwanza. Lakini kinyozi alipoondoka tu, nilimwona fundi anachukua tena ufagio.