Mbwa Aliyeachwa na Mfaransa

Musyimi, jirani yangu hapa Kyuso, ni mtu asiyeambilika. Mfaransa mmoja mchimba visima, akirudi kwao, alimwachia mbwa wake wa kuchunga. Akamweleza: usimfunge, anataka kukimbia, na mbuzi huwakusanya kwa kuwagusa visigino kwa meno. Musyimi akamfunga mnyororo.

Jana mbwa aliponyoka. Musyimi akamkuta porini, meno kwenye kisigino cha mbuzi. Kwetu mbwa anayeuma mbuzi haishi. Akamuua kwa jembe.

Alipofika nyumbani, mbuzi wote walikuwa wameshaingia bomani, hata yule aliyepotea wiki iliyopita. Mkewe, Kavata, akamuuliza mbwa yuko wapi.

"Alikuwa anakula sana," Musyimi akasema, akafunga lango kwa ule mnyororo.