Nimemnyima Mama Mkwe Neno "Cucu"

Admin, tafadhali ficha jina langu. Nina miaka thelathini na minne, natoka upande wa Kakamega, shule niliachia darasa la sita. Nabeba mawe na kuchanganya simiti kwenye magorofa yanayojengwa Kilimani. Mke wangu ni Mkikuyu wa Dagoretti.

Tulipendana vizuri. Fundi mmoja wa mjengo alinifundisha kumwambia "ningwendete", yaani nakupenda kwa Kikuyu. Siku nilipomwambia, alicheka mpaka akakaa chini. Naye akajifunza "nakuyanza" ya kwetu, akawa ananiambia kila asubuhi nikivaa gambuti, viatu vyangu vya kazi.

Shida ilianza siku nilipopelekwa kwao. Kwetu mama mkwe hashikwi mkono. Unarudi nyuma, unainamisha macho, na hapo umempa heshima na mapenzi yote uliyo nayo. Mama yake aliponyoosha mkono, nikarudi nyuma.

"Kwani mkono wangu uko na upele?" akauliza.

Tulimweleza, mimi na mke wangu. Akasema, "Hata mbwa wangu hunisalimia." Wajomba wa mke wangu wakacheka. Nikameza.

Mtoto wetu wa kike, Ayuma, alipozaliwa, mama yangu alisafiri kutoka nyumbani na kuku. Hakujua Kikuyu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Kuku ndiye alikuwa maneno yake. Nikamfikisha mama Dagoretti, akamtoa kuku kwa mikono miwili. Mama mkwe hakumpokea. "Mfunge hapo kwa geti," akasema. Wiki iliyofuata mke wangu alienda kwao akamkuta kuku amefia palepale, kamba mguuni. Nilipopiga simu kuuliza, nilijibiwa, "Si wewe ulikataa mkono? Mimi nimekataa kuku."

Mama yangu alikuwa akiniuliza, "Walimfurahia yule kuku?" Nikawa namdanganya, mpaka akafariki.

Tulipotoka kumzika nilimwambia mke wangu Kikuyu kisisemwe tena kwangu. Alilia, akakubali ili tukae kwa amani. Dada yangu ndiye hushinda na mtoto, na humsemesha Kiluhya. Sasa mtoto ana miaka mitano na hajui neno hata moja la kwa mamake.

Juzi mama mkwe alipata kiharusi. Kiswahili kimempotea, amebaki na Kikuyu cha kukokota. Tulimpelekea mtoto. Akamshika shavu, akasema maneno mengi huku machozi yakimtoka.

"Baba, huyu anasema nini?" mtoto akaniuliza.

Nilielewa kila neno, maana mjengo umenifundisha. Alikuwa anamwambia anampenda, anamwomba amwite cucu, yaani nyanya, hata mara moja tu.

Nikamjibu mtoto, "Anasema amechoka. Twende."

Ndugu zangu, nilisikia raha. Mpaka leo ninaisikia.

Lakini mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Tukiwa njiani akasema, "Baba Ayuma, mama anakufa. Jumapili narudi na mtoto, na hilo neno nitamfundisha. Ukinizuia, hatutarudi kwako."

Nikamwambia, "Jaribu uone."

Tangu siku hiyo hatuongei lugha yoyote. Msiniambie nisamehe, hilo pasta ameshasema na nikaitikia amina. Jumapili ni kesho kutwa. Nikimwachilia, nitaona kama nimemuuza mama yangu kaburini. Nikimzuia, nitabaki na dada yangu na hii raha yangu. Nyinyi mngekuwa mimi, mngefanya nini?