Nabwile wa Filamu ya Kitamil

Ilikuwa mwaka wa 2018. Hapana, nakosea, ilikuwa 2017, maana ndio mwaka tuliopiga kura mara mbili, na Wakoli akafunga banda lake la filamu kwa kuogopa fujo. Alipolifungua tena, pale Kipsongo mjini Kitale, alikuja na filamu moja ya zamani ya Kitamil, na hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi Nanyama mkewe.

Nanyama alikuwa akichoma mahindi mlangoni mwa banda. Mwanamke mpole, mwenye kucheka polepole, aliyejua kupuliza jiko bila kumrushia mteja majivu. Hakuwa na haja ya kuingia ndani. Mabati hayafichi kitu, na sauti ya mumewe kwenye maikrofoni ilimfikia neno kwa neno. Kitamil Wakoli hakukijua hata salamu. Aliwatazama waigizaji midomo na macho, akawatungia Kiswahili chake, na watu wakampenda kwa hilo.

Tena alikuwa na desturi: kila mtu wa kwenye filamu alimbatiza jina la mtu wa mtaani. Jambazi mwenye masharubu alikuwa Muigai, kwa sababu Muigai mwenye ploti za kupangisha alipenda kufoka. Polisi wa kuchelewa alikuwa Kipkosgei, bawabu aliyesinzia kazini. Watu walikuja kusikia nani amebatizwa leo, na Nanyama aliwajua wenye majina wote.

Mpaka ilipokuja hiyo ya Kitamil. Ilikuwa hadithi ya bibi harusi na mumewe waliopendana kama chanda na pete, wakaimbiana kwenye mvua. Kisha mke akakuta kitambaa cha mwanamke mwingine ndani ya sanduku la mume, akaanza kushuku kwamba mke wa kwanza hakufa kifo cha Mungu. Huyo bibi harusi Wakoli alimwita Nabwile.

Nabwile gani? Nanyama aliwapitia wanawake wa Kipsongo kichwani, kutoka bomba la maji mpaka kanisani, asimpate hata mmoja. Na sauti ya mumewe ililainika kila alipolitaja hilo jina: "Nabwile wangu, usiniogope, si ni mimi tu?" Nyumbani hakuwa hivyo. Nyumbani ilikuwa, "Mama Ian, chumvi iko wapi?"

"Huyo Nabwile amekushinda, Mama Ian," Kipkemei, mteja wake wa kila siku, alimtania. "Ati mumeo DJ akimtaja anatoa asali, bana!"

"Kula mahindi, wewe. Meno machache, maneno mengi."

Alicheka, akageuza mahindi. Jioni akamuuliza mumewe.

"Baba Ian, Nabwile ni nani?"

"Si ni wa filamu?"

"Wengine wote ni wa mtaa."

"Mama Ian, ugali unapoa."

Sasa akakumbuka mengine. Filamu zilitoka Bungoma. Kila Jumatano Wakoli alikwenda kuzichukua, na kila Jumatano alirudi akiwa ameshiba. Mtu wa duka la filamu atakuuzia filamu. Ni nani atakupikia?

Na ile diski ilikuwa na mkwaruzo. Ilikwama palepale, bibi harusi ameinua taa amtazame mwanamume aliyesimama kwenye giza la mlango. Mwisho Wakoli aliutunga mwenyewe. Leo mume ni muuaji, kesho ni mtu mwema aliyesingiziwa. Nanyama aliisikiliza hiyo miisho kama mtu anayesikiliza nyayo nje ya nyumba yake.

Jumatatu moja akazima jiko, akaenda Bungoma kwa Phelista, dada ya marehemu baba yake. Kibukusu ni senge. Mamake Nanyama alifariki yeye angali ananyonya, kwa hiyo mambo ya utoto wake yalibaki kwa senge peke yake.

"Senge, mume wangu ana mtu huku."

"Nani amekwambia?"

"Filamu."

Phelista alicheka mpaka akafuta macho. "Ati filamu! Na huyo mtu anaitwaje?"

"Nabwile."

Senge akaacha kucheka. Akavuta uteo, akaanza kupepeta wimbi.

"Nabwile ni wewe," alisema akipepeta. "Ulipozaliwa ulipewa hilo jina la nyanya yako. Ukalia. Ziwa hutaki, mgongo hutaki. Wazee wakasema kuna marehemu mwingine anataka kuitwa. Wakataja majina, wakataja, walipofika Nanyama ukanyamaza. Mume wako hula hapa kila Jumatano. Mimi ndiye nilimwambia, akalipenda."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Uliniuliza lini, mwanangu?"

Nanyama alishukuru, akaaga. Lakini njiani akaanza kuyapima yale maneno. Senge alikuwa mtu wa kupatanisha. Ndoa ngapi za Bungoma zimepona kwa ulimi wake? Na lile wimbi lilikuwa safi. Alikuwa akipepeta nini?

Alipofika Kipsongo hakupitia nyumbani. Aliingia bandani kwa mara ya kwanza, akiwa na mkoba mkononi. Bibi harusi alikuwa amekwama na taa yake, na Wakoli alikuwa akivuta pumzi atunge mwisho.

"Baba Ian! Nabwile ni nani?"

Banda zima likageuka. Wakoli bado alikuwa na maikrofoni mdomoni, na sauti iliyotoka ilikuwa ile laini.

"Ni mke wangu. Yule aliyelia mpaka akabadilishiwa jina."

Watu walipiga makofi na miluzi, wakidhani ndio mwisho wa filamu, tena mtamu kuliko yote. Nanyama akaketi kwenye benchi, akicheka kwa furaha. Makofi hayajaisha, akakumbuka kwamba senge ana simu, na Wakoli pia.

Hakumwacha. Mpaka leo wanaishi pamoja, na Wakoli humwita Nabwile hata akitafuta chumvi. Naye huitika, lakini humtazama kwanza.

Mwaka jana mimi, jirani yao wa Kipsongo, nilipita Bungoma, Phelista akanikaribisha chai. Nilimuuliza nikinywa, nikamuuliza tena nikiaga, naye uteo haukutulia mikononi: yule mtoto alilia kweli?